Kadi Mia Tisa na Ishirini za Bwana Khisa

Bwana Boaz Wamalwa Khisa anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia shirika letu la Sahani Moja kama mkurugenzi kwa miaka kumi na moja na siku themanini na nane. Siku hizo nimezihesabu kwa sababu yeye mwenyewe angeziulizia. Aliagiza pia wasifu huu uwe mfupi, uwe mchangamfu, na upite ofisini kwake kabla ya kuchapishwa. Kwenye uchangamfu nimejitahidi.

Alitoka kwenye ndege. Kila mtu katika Eneo la Viwanda hapa Thika anajua alitoka kwenye ndege, hata walinzi wa kiwanda jirani, kwani hajawahi kuketi dakika kumi bila kukitaja kisa hicho. Kwa miaka ishirini na nne aliajiriwa na shirika moja la ndege jijini Nairobi, na alipoondoka alikuwa mkuu wa idara ya kuuza viti. Kisa cha kuacha kazi ile tumekisikia mara nyingi mno, hadi mpishi wetu Idah hukisimulia akimwiga Bwana Khisa sauti na mikono: jinsi alivyochungulia dirishani akiwa juu mawinguni, akaona mabati ya vibanda vya Thika, akaguswa moyoni papo hapo. Mtu aliye juu kiasi hicho ana macho makali kweli, lakini tuyaache, maana kisa hicho kimewatoa machozi wafadhili wengi.

Alitukuta tukigawa chakula kienyeji. Mtu alikuja, akapewa unga, akaenda kwake kupika. Bwana Khisa akatuambia huo ni ushamba. Akaleta skafu za bluu kwa wagawaji, akaleta kamba za kupangia foleni, na akaandika tangazo la kusomewa watu kabla ya kupewa chochote, la kuwaonyesha milango ya dharura. Ukumbi wa kanisa tunaotumia una mlango mmoja. Mwenzetu Ndanu alilisoma tangazo hilo kwa miaka mitatu mbele ya kina nyanya wenye njaa, amenyoosha mikono yote miwili kuelekea mlango huo huo. Wafadhili nao wakajengewa hema lao lenye viti vya kitambaa na sharubati, mahali ambapo yeye, bila haya, alipaita daraja la kwanza.

Haki yake apewe. Ni yeye aliyeingia viwandani na tai yake, akawashawishi mameneja watupe unga wa pakiti zilizopasuka na biskuti zilizovunjika, vitu vilivyokuwa vikitupwa kila wiki. Ni yeye aliyefanya malori yetu yaondoke saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, wala si arobaini na moja. Kuna siku yalimwacha mwenyekiti wa bodi langoni, amevaa buti mpya za kwenda kupigiwa picha matopeni, na Bwana Khisa hakuomba radhi. Siku hiyo nilimpenda. Ilikuwa mwaka wa 2017.

Sasa nifike kwenye yale ambayo ofisi yake ingeyafuta.

Mwezi wa Mei mwaka jana, maji yalipoingia nyumba za watu huko Ruiru, tulikuwa na pakiti mia nane za chakula za kupeleka kwenye uwanja mmoja karibu na Kamakis. Kila familia ilipewa kadi mapema, na kila kadi ilikuwa ya pakiti moja. Kazi ya kuandika kadi ilikuwa ya karani wetu Mukonyo, aliyekuwa nasi kwa mwaka wa sita. Kwenye mkutano wa Jumatatu, Bwana Khisa alimwagiza aandike kadi mia tisa na ishirini.

Mukonyo aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Akaelezwa, nasi tukaelezwa, kwamba kwenye ndege huuzwa viti vingi kuliko vilivyomo, maana kila safari wapo abiria wasiotokea. Mmoja amekwama kwenye msongamano, mwingine ameugua, mwingine ameghairi safari. Kiti kikiruka kitupu ni hasara, na pakiti ikirudi ghalani ni aibu mbele ya mfadhili. Akachora hata mchoro ubaoni. Tulikuwa watu wanne pale mezani ukiwatoa yeye na Mukonyo, nami nikiwa mmoja wao, na sote tuliitikia kwa vichwa kana kwamba tumefunuliwa siri kubwa.

Jamani, mwenye njaa haghairi safari. Karibu miaka kumi katika kazi hii ya kulisha watu, na jambo hilo lilikuwa bado halijamwingia. Siku ile walifika wote mia tisa na ishirini, hata mzee mmoja aliyeletwa kwa mkokoteni. Kufikia saa saba mchana pakiti zilikwisha, na watu mia moja na ishirini wakabaki wamesimama kwenye matope, mikononi wana kadi zenye muhuri wetu. Mama mmoja aitwaye Apiyo, mwenye kadi nambari 811, alimsogelea Mukonyo akamwuliza taratibu kama kadi hiyo ataichemsha peke yake ama ataichanganya na sukuma wiki. Hakuna aliyecheka.

Bwana Khisa wakati huo alikuwa hemani, akiwasimulia wafadhili habari za dirisha la ndege. Alipoona watu wameanza kupaza sauti, alikumbuka kuwa ana mkutano Thika. Aliyebaki ni Mukonyo. Alikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni akiandika majina ya wale mia moja na ishirini kwenye daftari, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Wiki iliyofuata tulipopata unga mwingine, orodha yake ndiyo iliyotuongoza hadi milangoni mwao.

Mfadhili aliandika kuuliza kulikoni. Bwana Khisa akajibu kwa mistari minne: karani alitoa kadi za ziada bila idhini, na hatua imechukuliwa. Hatua yenyewe ilikuwa kumfuta Mukonyo kazi siku ya Alhamisi, saa nne, chai ikiwa mezani. Sisi wanne tulijua ukweli, tukanyamaza. Mimi nilijiambia nina watoto wawili shuleni. Kila mmoja wetu alikuwa na watoto shuleni siku hiyo, hata dereva wetu Ngigi ambaye hana mtoto.

Tangu hapo Mukonyo ameitwa kwenye mahojiano ya kazi mara tatu, na mara tatu mwajiri amepiga simu hapa kuulizia habari zake, akasomewa kilichomo kwenye faili. Hapa kwetu mtu akisikia karani wa chakula cha msaada alitoa kadi kisirisiri, hangoji maelezo, anajua tu kwamba alikula. Majirani zake huko Makongeni wanaamini hivyo. Kwa sasa anachambua maharagwe sokoni kwa malipo ya kutwa, yeye ambaye mwandiko wake ndio ulioiweka ofisi hii sawa kwa miaka sita. Naona uchungu kuandika hivi, na naona aibu zaidi.

Jumatatu hii ana mahojiano ya kazi ya karani wa stoo katika hospitali moja ya misheni. Wamekwisha kusema watatupigia simu asubuhi kabla ya kumwona. Faili haliwezi kurekebishwa ila kwa barua ya mkurugenzi, na mkurugenzi anayekuja ametwambia waziwazi kwamba hatagusa uamuzi wowote wa mtangulizi wake. Sahihi ya Bwana Khisa inakwisha nguvu leo saa kumi na moja jioni.

Mwezi huu nimeingia ofisini kwake mara mbili kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza aliniambia mambo ya kale yaachwe yapite. Mara ya pili alinisomea hotuba yake ya leo, akaniuliza kama ile sehemu ya dirisha ikae mwanzoni ama mwishoni. Nilitoka pale nikiwa nimeamua kwamba wasifu huu hautapita kwake. Niliupeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, nakala mia mbili, na sasa hivi mgeni rasmi wa sherehe hii anao, mfadhili anao, na Bwana Khisa anao. Nikifutwa kazi kwa hili, sawa. Nimechelewa mwaka mmoja na nusu, wala sina la kujitetea.

Bwana Khisa, asante kwa malori yanayoondoka kwa saa. Asante kwa milango ya viwanda uliyotufungulia, ambayo sisi wenyewe tuliogopa hata kuibisha. Barua tumekwisha kukuandikia, mistari minne kama ile yako, na iko mezani mbele yako katika bahasha ya kaki, kando ya keki. Inasema kwamba kadi mia tisa na ishirini uliziagiza wewe. Mukonyo tumemwalika. Ameketi safu ya tatu upande wa mlango, amevaa gauni la kijani, na anayasoma haya kwa mara ya kwanza kama unavyoyasoma wewe.

Tunakuombea pumziko jema huko Kitale, afya, na mahindi yanayokubali. Keki tutaikata ukishatia sahihi.

Ouma,
Msimamizi wa Ghala