Mama Eneless na Jibu la Tano

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moya 1998, Mama Eneless Chisanga anamaliza kazi hapa chuoni kwetu Nchelenge. Miaka makumi mbili na sita alifundisha kozi za biashara, na mu hiyo miaka yote alikosa siku tatu tu: mbili juu ya malaria, moya juu ya arusi yake mwenyewe. Na hiyo siku ya arusi aliachia banafunzi kazi ya kufanya nyumbani; bale ba zamani bangali banailalamikia.

Prinsipo alitafuta mutu mwenye kuandika vizuri, aandike huu ukurasa wa Kiswahili mu programu ya kumuaga, kwa banafunzi betu ba ng'ambo ya ziwa, ba Kilwa na Pweto. Mutu mwenye kuandika vizuri hakupatikana. Nilipatikana mimi, Parfait Mukuka, mwenye kugeuza mashine ya kutoa makaratasi, masomo yangu miaka saba na nusu. Ile nusu ninaihesabia kabisa. Na juu mashine iko mu mikono yangu, hakuna mutu atanisahihisha mbele ya programu kutoka.

Kitu kimoya kwanza. Kwenye ukurasa wa mbele kuko orodha ya batumishi benye banapewa cheti cha dosye safi, ni kusema makaratasi yabo ya kazi hayana onyo hata moya. Ni batu ine. Jina la Mama Eneless hamutalikuta, juu mu dosye yake kuko barua ya onyo, moya tu, ya 1996. Nitaeleza namna gani iliingia mule. Muniache nizunguke kidogo, juu ninaijua njia na haipiti pazuri kwangu.

Alipoanza, kozi za biashara zilikuwa chumba kimoya, mashine tatu za kuandika na daftari za kugawana. Kila mwaka, mwezi wa tatu, chumba kilibakia na mbuzi tu. Bengine balisema banafunzi ba hapa ni bavivu. Mama Eneless alishuka kwa miguu mpaka soko ya samaki ya Kashikishi, akabakuta bote kule, na hakuna mwenye alikuwa muvivu. Serikali inafunga ziwa kutoka Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki zizae. Likifunguliwa, nani atakaa chini asikilize habari za matangazo ya biashara? Basi 1979 alisumbuana na kamati mpaka kozi ikafuata ziwa: ziwa likifungwa, sisi tunafungua. Kutoka pale chumba kinajaa, na mbuzi ilienda kutafuta masomo kwingine.

Alitufundisha kuandika kibao cha duka, kupanga bintu juu ya meza, kujibu kiliya, ni kusema mutu wa kununua, hata akija na hasira. Kwenye mashine ya kuandika nilikuwa wa kwanza kwa mbio, hakuna mutu alinishinda. Hakuna pia mutu alijua kusoma kile kilitoka. Barua yangu ya kwanza ya biashara ilikuwa ya kulomba sabuni kwa kiwanda cha Kitwe. Niliuliza kiwanda kiliamka namna gani, na bibi, na batoto, na mvua ya kule iko je. Sabuni ilifika ukurasa wa pili, mustari wa mwisho. Mama Eneless aliandika pembeni na wino mwekundu kwamba kiwanda hakina batoto. Nilimukasirikia siku mbili. Mpaka leo ninasema ile barua ilikuwa ya adabu.

Sasa 1996. Neno lilitoka mukoani: kozi ya biashara isipopitisha batu munane mu mutihani, inafungwa, na mwalimu anapelekwa mbali. Tulikuwa kumi na mbili. Kulikuwa Jessy, mwenye kuuzisha bitumbua pa mulango wa soko. Kulikuwa Zéphirin wa Kilwa, mwenye kuvusha chisense, ile kasamaki kadogo ka kukausha juu ya muchanga. Na mimi, mwenye kugawa mashauri kwa batu benye habakuyalomba.

Mama Eneless alitwambia mara hata makumi: maulizo yatakuwa saba, mujibu ine, hata moya zaidi hapana. Alituambia darasani, alituambia njiani, Jessy aliambiwa mpaka kwenye foleni ya maji. Asubuhi ya mutihani, tukingoja mulango ufunguliwe, nikaona benzangu banaogopa. Nikabakusanya.

“Mwenye kusahihisha ni kiliya wetu,” nikabaambia. “Mutu anakuja anataka ine, munamupimia ine kavu? Kesho anaenda kwa meza ingine. Mumuongezee moya ya mbasela.”

Mbasela, kwa bageni, ni ile kidogo muuzishaji anaongeza juu ya kipimo bila kulombwa, kiliya apate kurudi. Hapa kwetu, mutu wa kupima bila mbasela, batu banauliza kama ni mugonjwa. Mama Eneless mwenyewe alitufundisha juu yake wiki ya tatu, na kwa masomo yote ya ile kozi, njo hilo moya lilinibakia mu kichwa. Jessy alisema mbasela ni ya soko, haiko ya karatasi. Nikamuuliza kozi yetu inaitwa kozi ya nini. Akafungua kalamu yake, akasema basi tano. Ile ilikuwa mara ya kwanza nilimushinda Jessy, na musiniulize mara ya pili ilikuwa lini.

Batu kumi na mbili, majibu tano tano. Zéphirin aliandika hata juu ya jibu lake la tano kwamba hilo ni la kumushukuru musahihishaji. Tulitoka mule tukicheka, mimi mbele, kifua kimejaa sawa cha muhubiri.

Mwezi wa ine karatasi zilirudi zote, hazikusahihishwa hata moya. Barua ilisema banafunzi bote balivunja amri ya mutihani, hakuna mwenye alipita, na kozi inafungwa mwisho wa mwezi. Mama Eneless alitukusanya, akatusomea polepole, akakunja barua, akauliza ni nani alileta hayo mawazo. Mimi, mwenye kunyoosha mukono hata kwa maulizo ya kumuuliza mwengine, siku ile mukono ulikuwa muzito. Niliangalia biatu byangu. Byenyewe bilikuwa bya ndugu yangu. Hakuuliza mara ya pili.

Kesho yake alipanda pamoja na Zéphirin lori ya kubeba samaki zake, akakaa juu ya magunia ya chisense mpaka Mansa, kwenye ofisi ya mukoa. Kile kilifanyika kule Zéphirin njo alinihadithia, na aliniangalia vibaya wakati wote wa kunihadithia. Mukubwa wa mitihani alikuwa Ba Nkonde, mutu wa tai na wa kufuata mustari. Alimupokea muzuri, akamupatia kiti, akasema amri ni amri. Mama Eneless hakubishana. Alingoja saa ya kula, akamulomba amusindikize kununua karanga sokoni. Ba Nkonde naye akajinunulia kopo moya. Muuzishaji akapima, akaongeza mikono mibili juu, na Ba Nkonde akafungua mufuko wake zaidi kidogo ili zote ziingie.

“Hamukumulomba ile ya juu, Ba Nkonde,” Mama Eneless akamuambia. “Na hamukumurudishia. Banafunzi bangu balikupimieni namna ileile.”

Zéphirin anasema Ba Nkonde alikula karanga tatu mbele ya kujibu. Kisha akakubali: atasoma majibu ine ya kwanza, la tano atalikata. Lakini lazima kosa liandikwe kwa jina la mutu, na mutu huyo apate barua. Akauliza: nani alibafundisha hivi? Zéphirin alikuwa ameisha kufungua kinywa, jina langu liko juu ya ulimi. Mama Eneless akamutangulia.

“Andikeni mimi. Mimi njo mwalimu wabo.”

Kumi na moya balipita, kozi ikabakia wazi. Mwenye hakupita munamujua. Majibu yangu ine yalikuwa mabaya yote, kila moya kwa namna yake. La tano, lile lilikatwa, njo lilikuwa zuri, na Ba Nkonde aliandika pale pembeni kwamba ananihurumia. Mama Eneless alinipatia karatasi, akanionyesha kiti changu cha mwaka wenye kufuata.

Hakunitaja kwa mutu, hata kwa prinsipo. Mwaka uliopita, mashine hii ya makaratasi ilipokosa mutu, yeye njo alimuambia prinsipo anipatie. Nilifikiri labda alisahau. Wiki iliyopita nilikuwa nageuza ile orodha ya dosye safi, kopi mia moya na makumi tano, na mara mia moya na makumi tano jina lake halikuwa mule. Mutu wa kichwa kigumu anahitaji kuonyeshwa mara mingi.

Sasa kamati, ninyi benye muko mbele pale na soda zenu, ninawalomba kwa heshima. Ile barua iko mu dosye ya mutu haiko yake. Muitoshe mule mbele ya tarehe 30, muiweke mu dosye yangu. Ninajua sina dosye, kazi yangu haijaandikwa popote. Munifungulie moya, na ile barua ikuwe karatasi ya kwanza ndani. Zéphirin eko tayari kusema kweli. Anangojea miaka mibili. Cheti kimoya kingine, cha Mama Eneless, ninaweza kukitoa kwa dakika tano, mashine ingali na wino.

Kozi inafungua tena tarehe mosi Desemba. Banafunzi makumi tatu na ine bameisha kujiandikisha, na mwalimu wabo atakuwa Jessy, kwa hiyo ninabahurumia mimi sasa.

Mama Eneless, asante kwa miaka yako na kwa ile siku ya Mansa. Mungu akupe nguvu, nyumba yenye batu, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua liingie chumbani bila mutu kukuletea barua ya kusahihisha. Ukae salama, mwalimu wetu. Na ukisikia sokoni Parfait alipita mutihani wa mwaka huu, usiulize mara mbili: nilipita, na nilijibu ine.