Chumvi ya Mkaguzi

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mzee Silvanus atakuwa ameitumikia maabara ya shule yetu hapa Nachingwea kwa miaka thelathini na mmoja, na stoo yangu itaanza kubaki na chumvi.

Mzaliwa huyu wa Matambarale, Ruangwa, ameandaa majaribio ya kemia kwa wanafunzi wasiohesabika, na maabara haijaungua hata mara moja. Lakini tuseme ukweli, wengi tunamjua kwa samaki. Miaka minane iliyopita wanafunzi walirudi kutoka ziara ya Lindi, wakamletea samaki bapa wa madoa kutoka mikokoni, mdogo kama kifungo cha koti. Wakamwita Mkaguzi, kwa jinsi alivyowakodolea watu macho bila kusema lolote.

Samaki wa mikokoni ana masharti yake. Anataka maji ya katikati, si ya mto wala ya bahari. Mzee akamjazia ya kisima, akidai kwamba maji magumu, yasiyotoa povu la sabuni, hayakosi chumvi. Mkaguzi akalala ubavu. Kumbe ile chokaa inayoganda kwenye birika letu la chai aliipenda sana. Chumvi ndiyo haikuwemo. Tangu hapo Mzee hutuambia "gumu si chumvi", kana kwamba sisi ndio tuliokosea.

Alipokwenda likizo, alimwachia tangi Mwalimu Nicholaus, makamu mkuu wa shule. Alimweleza kwamba maji yakipungua, chumvi hubaki, hivyo aongeze maji baridi tu. Mwalimu, mtu mtiifu, akatia barafu ya kantini. Mkaguzi alipona. Mwalimu hajaruhusiwa kulisogelea tangi tena.

Sasa sikieni maajabu. Samaki wa aina hii kadiri anavyokua ndivyo anavyodai chumvi zaidi, mpaka ukubwani aitake bahari yenyewe. Mzee naye, kadiri miaka ilivyokwenda, daktari alizidi kumpunguzia kwa sababu ya presha. Nimemwona kwa macho yangu akila maharage chapwa huku akimkorogea mwenzake chumvi ya mawe ya stoo yangu kwa vikombe.

Mwaka huu Mkaguzi amejaa sahani, na Mzee anastaafu na kurudi Matambarale. Tulijitolea kumtunza. Mzee alitutazama mmoja mmoja, akamtazama Mwalimu Nicholaus kwa muda zaidi, akakataa. Aliogopa samaki wake angefia mikononi mwetu, na wiki nzima hakumtania mtu. Ilituuma.

Jumamosi iliyopita tulimsindikiza Lindi na ndoo yenye mfuniko. Ufukweni alimwongezea Mkaguzi maji ya bahari kidogokidogo ili asishtuke, kisha akaiinamisha ndoo. Mkaguzi aliondoka bila kuaga, kama wakaguzi wote.

Mzee akachovya kidole baharini, akalamba, akafumba macho.

"Imekolea," akasema.

Sote tunaoijua presha yake tuliangalia pembeni. Mimi nililia.

Asante, Mzee Silvanus, kwa kazi na kwa vituko. Tunakuombea uzee mtamu, japo chapwa. Ukipita Nachingwea, karibu stoo. Chumvi nitakuwa nimeificha.

Hafidha, mtunza stoo