Mwanamume wa Kanda Katika Nyumba ya Eda

Haya, mmenisimamisha wenyewe, msije mkanilaumu. Mie kusoma sijui, kwa hiyo sina nilichoandika; nitasema kama nnavosema jikoni kwangu. Na wewe uloanza kucheka huko nyuma, ngoja kwanza, bado sijafika.

Wazee wenzangu mnanijua. Kazi yangu ilikuwa kuigiza watu. Ukitoka kwangu, mlango haujafungwa, mie nshakuwa wewe. Na nlomuigiza zaidi ni mume wangu, Mungu amrehemu. Hawezi kusema neno mpaka akohoe, khm khm, hata akitaka chumvi anakohoa kama kadhi. Mie namkoholea palepale, yeye anacheka mpaka anashika meza.

Basi akafa. Miaka ya tisini hiyo, tunakaa huku Uarabuni, mtaa wa Darsait, ghorofani, chini yetu fundi wa mafriji. Asubuhi alikwenda kazini, adhuhuri wakanletea maiti. Nkavaa nyeupe, nkakaa eda, nkawa kizuka. Na sauti zangu zote zikaondoka naye. Si kwamba nlikuwa bubu, chai nlikuwa nikiomba. Lakini watu walinitoka mdomoni. Jirani anaingia, anasema, anatoka, mie sioni hata cha kuiga. Chakula kinarudi jikoni kama kilivokuja. Nyinyi mlokwisha kukaa eda mnaijua hali hiyo, si haja ya kuwaeleza.

Nyumbani tulibaki mie na kitinda mimba wangu, mtoto wa kiume, ndo kwanza kaanza kazi. Kule makaburini wanaume walimshika mabega: "Wewe mwanamume sasa, usilie." Hakulia. Alirudi akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akatia kanda.

Lo! Kanda hiyo! Dum. Dum. Masufuria yanatetemeka. Halafu linaingia jitu linasema. Haliimbi, linasema, mbiombio, kama dereva wa teksi ulombamizia mlango wake. Mwanangu kairekodi kwa mwenzake alokuwa akisoma Marekani. Vijana weusi wa huko ndo walotoa, na nasikia dunia nzima iligeuka kwa kanda hiyo, mpaka suruali zikashuka viunoni. Wakati ule mie nlijua dum tu.

Nna jirani mmoja, Mwarabu mwenzetu, lakini wao walizaliwa bara, Bujumbura. Alikuja akanikalia karibu, macho yamemtoka. "Mama weee! Ile sauti ni ya mwanaume ajinabi. Na weye uko eda!"

Nkamwambia, "Yule yuko Marekani. Hata hanioni."

"Sawa, hakuoni. Lakini weye unamsikia!"

Msicheke, nnawaambieni, tulikaa tukafikiri kwelikweli. Maana mimi hata shemeji yangu, ndugu wa marehemu, akija husema nami nyuma ya pazia. Sasa huyu wa kanda hana pazia, hana hodi, yumo ndani tangu alasiri! Tukampigia simu mwalimu wetu wa kike alokuwa akitudarsisha. Mwalimu akasema taratibu, kwa sauti yake ile ya sukari, "Kwanza, bibi, mtu huyo anasema nini?"

Tukatazamana. Hatujui.

Ndo hapo, ndugu zangu, kitu kikanitekenya. Tangu maiti itoke nyumbani sikutaka kujua chochote. Nani kaolewa, nani kazaa, sitaki. Leo nkataka kujua: huyu mtu kakasirishwa na nani?

Nkaenda nkagonga kwa mwanangu. Akaruka kuzima. "Samahani, mama."

"Usizime. Nambie anasema nini."

Akanitazama kama nimeshikwa na homa. Nkakaa kitandani kwake na manguo yangu meupe. Akaanza: jitu linasema, yeye anasimamisha, ananieleza, linasema tena.

"Hapa polisi wamewasimamisha njiani."

"Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu. Weusi tu."

"Haya. Na hapa?"

"Hapa tupite, mama."

"Tupite kwa nini?"

"Anatukana."

"Anamtukana nani?"

Akainamisha kichwa. "Mama."

"Mama yake? Kamkosea nini?"

"Hapana, wao ndo wanavosema."

"Basi mwambie akaoshe mdomo, halafu aendelee."

Akacheka. Mwanangu! Meno yake nlikuwa nshayasahau.

Kuna mahali, nisiwafiche, mtu yule anawasema wanawake vibaya. Pale nkasema, "Huyu hapa kanikera, mie ni mwanamke." Mwanangu akasema, "Mie pia pananikera, mama, huwa napeleka mbele." Nkamuuliza, sasa unapenda nini humu? Halafu akanionyesha pahala jitu lile linasema polepole kidogo, linawataja wenzake wa mtaani walouliwa. Akasema, "Huyu kafiwa, mama, na hakuna anomwambia anyamaze."

Basi nkajua. Mie nna nguo nyeupe, nna wanawake wanaoniletea uji. Mwanangu alikuwa na nini? Ana kanda.

Tukawa kila alasiri. Lakini jirani yangu akayapeleka haya mtaani, mpaka yakamfika shemeji. Siku moja shemeji akaja, akasimama nyuma ya pazia, hasira mpaka pazia linapepea. Shemeji anasemea puani, hivi: "Astaghfirullah! Mo hadha? Nini hii? Nyumba ya msiba, makelele ya wahuni! Wewe kijana, funga nguo zako. Unakwenda Sohar, utakaa dukani kwangu, utafundishwa adabu."

Mwanangu akasema, "Naam, ami." Hivyo tu. Nkamsikia anafungua kabati.

Ndugu zangu! Mume kaondoka, sasa na huyu? Nkafumbua mdomo niseme, "Shemeji, nakuomba." Wallahi sikupanga. Kilotoka ni khm khm.

Na baada ya kikohozi ikaja sauti yake nzima, sauti ya marehemu: "Mdogo wangu. Kaa kwanza. Ushakunywa kahawa?"

Ndivyo alivokuwa akimwambia siku zote shemeji akija na hasira zake. Mie mwenyewe nliogopa. Mwanangu akatoka mbio chumbani, shati mkononi, akasimama katikati ya sebule anatafuta. Nyuma ya pazia nkasikia kitu kizito kinakaa kwenye kiti, na mwanamume mzima, mwenye duka Sohar, analia kwa sauti. Na mwanangu akaenda nyuma ya pazia kwa ami yake, naye akalia. Mie nkalia huku, wao kule.

Walipomaliza, shemeji akapenga kamasi, akauliza, "Huyo mtu wako anasema nini hasa?"

Mwanangu akaleta redio. Nkawasikia wamekaa wawili.

"Polisi wamemshika kwa kosa gani?"

"Hana kosa, ami."

"Pasi ya kusafiria anayo?"

"Ni kwao, ami, kazaliwa hapo."

"Sasa mbona haendi mahkama?"

Kahawa ilimalizika, birika jengine likaja. Za Sohar hazikutajwa tena. Nguo zikarudi kabatini. Na mie jioni ile nkala wali, nkamuigiza shemeji na pasi yake, jirani yangu wa Bujumbura akalala chini kwa kicheko.

Mwanangu leo ni mtu mzima, ana ofisi Khuwair, na nyumba ni hii hapa Mabela mlomokaa. Baadaye aliandika maneno yake mwenyewe, ya Kiswahili na Kiarabu humohumo, ya kumkumbuka babake, hamna tusi hata moja. Wenzake wakayarekodi, yakapita mkono kwa mkono, mpaka vijana nisowajua wananiamkia: "Shikamoo mama wa kanda." Na ile ya Marekani anayo mpaka leo, iko kwenye sidii. Wanawe wanamwambia, "Baba, hiyo ya kizee!" Yeye anawaka: "Huu ndo muziki! Nyinyi mnasikiliza makelele!" Anasemea puani, maskini, hajijui.

Nnamshukuru mwanangu, alonieleza na hakunicheka. Nnamshukuru shemeji, alokubali kukaa. Nnamshukuru jirani yangu kwa fitina yake nzuri, na mwalimu, alouliza badala ya kujibu. Na nnamshukuru Mungu, alonirudishia mdomo, japo nyie wengine hamfurahi.

Nilichokipata ni hichi. Mwanao akifunga mlango na ndani mna makelele, usisimame nje ukapiga kelele zako juu yake. Ingia, kaa kitako, muulize nini kinasemwa, na akikueleza, sikiliza mpaka mwisho.

Na wewe bibie ulokaa karibu na mlango, ulotoka eda juzi. Nimesikia binti yako hasemi na mtu, kajitia vitu masikioni. Leo ukirudi nenda kakae kitandani kwake. Halafu unipigie simu. Mie nnataka kujua anasikiliza nini.