Ngozi ya Inox: Maisha ya Mama Wivine Bosongo

Wivine Bosongo alizaliwa Kisangani tarehe 14 Machi 1984, kando ya maporomoko ya Tshopo, kifungua mimba wa marehemu Papa Camille, mvuvi, na Mama Honorine. Bwawa la umeme lilikuwa pale pale, na nyumba yao gizani. Jambo hilo lilimkera tangu utotoni.

Alisoma hapa mjini hadi akahitimu kemia mwaka 2008, kisha akapata shahada ya udaktari wa kemia Ubelgiji mwaka 2015. Wakamwambia abaki huko. Thubutu! Alirudi mwaka ule ule, akafungua maabara ndogo mtaani Makiso.

Alishughulikia sahani za inox, chuma kisichoshika kutu, za seli za mafuta, yaani mitambo inayotoa umeme kutokana na gesi bila kuiwasha moto. Ndani yake joto hufika digrii mia nane, na inox huota ngozi nyeusi. Ikishika vizuri, huilinda. Ikinenepa au kubanduka, umeme hukwama. Wivine alitafuta ngozi ya kudumu.

Mwaka 2019 alileta nyumbani vipande vilivyokaa tanuruni miezi mingi, avipige picha. Mama Honorine akavisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni.

"Mwana, vyombo yako ilikuwa muchafu sana. Angalia vile inang'ara!"

"Ee Mama! Ile ngozi njo kazi yangu."

Wivine alilia, kisha akacheka, akaanza upya. Mama yake hakucheka. Tangu hapo, kila binti alipotoka kazini, alimpokea kwa swali moja: "Ngozi imeshika?"

Tarehe 6 Mei 2017 Wivine alikuwa amefunga ndoa na Edouard, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyemuuzia groupe, jenereta ya umeme ya maabara. Alikuja kuitengeneza kila wiki, hata ikiwa nzima!

Juni 2024 Wivine aligundulika kuwa na saratani ya titi. Hospitalini Mama Honorine aliogopa kumuuliza chochote, hadi mgonjwa mwenyewe akasema, "Mama, uniulize basi."

"Ngozi imeshika?"

"Bado sijui, Mama."

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, kipande cha mwisho kikiwa tanuruni. Inauma, jamani.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Précieuse na Timothée, na mdogo wake Doudou.

Jana Patricia, mwenzake wa maabara, alifungua tanuru, akakipima kile kipande cha mwisho. Kipande hicho anacho Mama Honorine hapa kaburini, cheusi vile vile. Hajakigusa kwa mchanga.

Wivine, ngozi imeshika. Pumzika kwa amani.