Presha Niliyoificha Kwenye Fomu ya Bima

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye mkimwalika harusi hapo jirani tu, Maji ya Chai, anauliza kwanza usafiri wa kurudi. Basi binti yangu Anna akajifungua huko Ujerumani, akaniita niende nikampikie mtori, ule mchemsho wa ndizi wa mzazi. Nikaanza kuogopa ndege hata pasi ya kusafiria sijapata.

Viza ilitaka bima ya safari. Dada Ndeshi wa kwaya yetu, ambaye ni wakala wa bima pale Kimandolu, akanipa fomu nikajaze nyumbani. Ikauliza kama natumia dawa ya ugonjwa wowote. Ukijibu ndiyo, bei inapanda. Nikaweka tiki kwenye hapana, nikajipongeza kwa kubana matumizi.

Ndugu zangu, vidonge vya presha vilikuwa mezani hapo hapo, karibu na kalamu! Na si hela tu. Mwaka jana nilisimama hapa kanisani nikashuhudia kwamba presha imekwisha, mkapiga makofi. Baada ya wiki tatu ikarudi, nikanyamaza. Ndeshi naye alipiga makofi siku ile. Ningemwandikiaje ndiyo?

Siku nne fomu ilikaa nyumbani, sikuipeleka. Nilijiona nimeanguka jikoni kwa Anna, bima imekataa kulipa kwa sababu nilidanganya, na mwanangu, akiwa na kichanga mkononi, anadaiwa na hospitali. Nikamwomba Mungu fomu ipotee. Haikupotea. Siku ya tano Mungu akanipa miguu, nikaenda nayo kwa Ndeshi.

Nikamweleza yote, hata habari ya makofi. Hakucheka. Alicheka alipoisoma fomu.

"Mama Anna, umechagua bima ya mwaka mzima, safari bila idadi. Wewe unakwenda wapi tena?"

Nikamwambia nikirudi sivuki tena geti la nyumbani.

Akaandika presha, akabadilisha ikawa safari moja, siku arobaini. Ndugu zangu, pamoja na presha yangu, bei ikawa chini kuliko ile ya uongo!

Namshukuru Mungu. Ndege bado naiogopa, mniombee. Ila kilichoninyanyua kwenye benchi leo si bei. Presha ninayo. Kama kuna aliyeacha dawa zake kwa kunisikia mwaka jana, anisamehe, na akifika nyumbani azimeze. Mwaminini Bwana, mwambieni na ukweli, hatawaaibisha. Vidonge vyangu hivi hapa kwenye pochi. Anayetaka kuviona, aje.