Shangazi wa Dobini na Joho la Panga Mbili

Tarehe thelathini mwezi huu, Shangazi wetu wa dobini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufua mashuka ya hospitali hii, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi hiyo, kuanzia namna ya kushika sabuni.

Basi, si kweli. Nilipoletwa hapa kuwasha boila nilimkuta tayari amezoeana na mashine kama wake wenza, na siku yangu ya kwanza ni yeye aliyenionyesha bomba lipi ni la maji na lipi ni la mvuke, baada ya mimi kushika lisiloshikwa. Lakini mhariri wa jarida hili, kijana wa ofisi ya kumbukumbu, kaniambia wasifu mzuri huanza kwa kishindo. Kaniambia pia ukurasa mmoja, bila utani, na nisisahau mafanikio. Mimi shule niliiachia darasa la tano, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Atanivumilia.

Mafanikio, basi. Shangazi aliingia dobini akiwa msichana mwembamba ambaye toroli la mashuka lilikuwa linamsukuma yeye badala ya yeye kulisukuma. Alianzia kwenye kulowesha, akapanda kwenye pasi, akaishia msimamizi wa kitengo. Jina lake limo kwenye faili, anayelitaka akalitafute. Sisi wote, toka mkurugenzi mpaka mimi niliyemzidi umri, tunamwita Shangazi na anaitika. Ni yeye aliyeanzisha kamba nyekundu kwenye mafurushi ya chumba cha upasuaji yasichanganyike na ya wodi ya wazazi. Ni yeye aliyetuongoza ile mashine kubwa ilipokufa tukafua kwa mikono, na daktari mkuu mwenyewe akakunja suruali akaingia kwenye karo kukanyaga mablanketi. Na ni yeye aliyeweka ile rafu ya vitu vinavyosahaulika kwenye foronya na mifuko. Meno ya bandia yaliwahi kukaa pale. Walikuja watu watatu kuyajaribu, na yakawatosha wawili.

Juu ya rafu hiyo ameandika kwa rangi nyekundu: KAGUA MFUKO. Maneno hayo yana kisa chake, na kisa hicho ndicho kilichomfanya mfuaji wa mashuka awe mwandishi anayesomwa kuliko tangazo la mishahara.

Wafanyakazi wapya hawamjui Panga Mbili. Huyo ni shujaa wa vitabu vidogo vya hadithi vilivyokuwa vikisomwa hapa mpaka majalada yanang'oka. Ana upanga begani kushoto na mwingine kulia, na joho jeupe. Anakata joka vichwa, anaangusha jitu la mlimani, anavuka msitu unaokula watu. Hachoki, halali, halii, wala hajawahi kuonekana akitafuta choo. Vitabu vilikuwa kumi, na hicho cha kumi, cha mwisho, hospitali nzima ilikuwa na nakala moja tu, ya daktari wetu wa meno, mama mmoja mpole mwenye mkono mwepesi. Foleni ya kukisoma ilikuwa ndefu kuliko ya wagonjwa wake. Siku aliyotaka kukimaliza ili aanze kukiazimisha, alikitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akalivua koti, koti likaja dobini. Hakuna aliyekagua mfuko. Kitabu kilitoka kwenye mashine kimekuwa uji.

Kwenye uji ule palisomeka mstari mmoja: "Panga Mbili akafika mlangoni kwa mama yake, akainua mkono kubisha, na". Baada ya hiyo "na", hakuna kitu. Tulitafuta nakala nyingine kila duka la vitabu chakavu. Mchapishaji alishafunga milango zamani.

Daktari wa meno hakugomba. Alikuja akakaa kwenye benchi la dobini, mikono mapajani, akauliza polepole, "Sasa aliingia, hakuingia?"

Shangazi akamjibu, "Daktari, mwisho wako tumeufua sisi. Tutakulipa mwisho mwingine."

Tukadhani anamtuliza tu. Kumbe mwenzetu amesema kweli. Wiki ile, pale kwenye meza ya kukunjia, maswali yakaanza. Ukitaka kumjua mtu, mpeleke kwa wafuaji. Mambo wanayoyauliza hayamo vitabuni. Huyu bwana anakata kucha saa ngapi? Mgongo ukimwasha katikati ya panga mbili, anajikunaje? Halafu dada wa pasi, ambaye huwa haongei mpaka kitu kimuudhi, akasema, "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Lile joho nani anamfulia?" Na kweli. Kwenye picha moja damu ya joka imemfika kiwikoni, ukifunua ukurasa joho jeupe kama maziwa. Meza nzima ilikasirika. Tulijiona tumedharauliwa, taaluma nzima.

Toleo lililofuata la jarida hili ndilo lililobeba kipande cha kwanza cha Shangazi. Hakuanzia mlangoni. Alianzia mtoni. Panga Mbili ameua joka, watu wa mji wanapiga ngoma, na yeye amewatoroka, amechutama kwenye maji peke yake anafua joho lake. Anafua kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa, na anasugua mpaka vidole vinakufa ganzi. Huku anasugua anakumbuka kwamba lile joka lilikuwa na macho kama ya ng'ombe wa kwao.

Nilisoma nikiwa nimesimama mbele ya boila, nikasahau kutia maji. Karibu tupae wote.

Vikaja vingine. Watoto wa kijiji fulani wanamtaka Panga Mbili anyanyue ng'ombe, anamnyanyua, wanashangilia, na jioni yake hawezi kuinua mkono kutia tonge mdomoni kwa maumivu ya bega. Nyumba yoyote anayokaribishwa anachagua kiti kinachotazama mlango. Siku moja kifuniko cha sufuria kinaanguka, kufumba na kufumbua panga zote mbili ziko nje, kitoto cha mwenye nyumba kinalia, na shujaa anapiga magoti kukiomba radhi.

Muuguzi mkuu wa wakati ule alishuka dobini mwenyewe. "Shangazi, unatuharibia mtu. Shujaa gani huyu anaomba radhi kwa mtoto mchanga?"

"Aliyelelewa vizuri, dada," Shangazi akasema, na pasi ikaendelea.

Lakini mlangoni hakumfikisha. Kila toleo tunafungua tukitaraji kubisha hodi, na kila toleo yuko njiani, au amefika kwenye ua akarudi nyuma. Nilimwuliza anatutesea nini. Akaniambia, "Babu Moto, mama yake bado simjui. Nitamfungulisha mlango mtu nisiyemjua?"

Ndipo wodi ya majeruhi wanaume ilipompokea kijana wa zimamoto.

Huyo alikuwa ameingia kwenye jengo linalowaka akatoa watu, akarudi akatoa wengine. Waandishi wa habari walikuja na maua yakaja. Mpaka wafagiaji walikuwa wakimwita Shujaa, na yeye anatabasamu na kupunga mkono. Vidonda vikapona vizuri. Siku ya kuruhusiwa, tumbo likamuuma. Wakalitazama tumbo, halina kitu. Likaja sikio. Baada ya sikio likaja goti, ambalo hata halikuwa limeungua. Mama yake alikuwa anapiga simu ofisi ya wodi kila siku kuuliza mwanangu anakuja lini, na kijana anawaambia wauguzi, "Mwambieni bado kidogo."

Wodini hawakuelewa. Dobini tulikuwa tunaona jambo lingine. Kila asubuhi furushi la wodi ile lilikuja na shuka moja limeloa chapachapa, limekunjwa dogo, limefungwa fundo, limesukumwa katikati kabisa ya mashuka ya wenzake. Haukuwa mkojo, mfuaji hadanganyiki hapo. Lilikuwa jasho, na chumvi yake imechora duara kwenye kitambaa. Shangazi alilifungua fundo lile asubuhi nyingi. Kisha akaandika kipande ambamo Panga Mbili amelala nyumba ya wageni, anaamka amelowa kama aliyeogelea, analikunja shuka, analifunga fundo, na kulificha kati ya mashuka ya wasafiri wengine ili mwenye nyumba asijue ni la nani.

Jarida lilipotoka tu, kijana wa zimamoto akashuka dobini na nguo za wodi, jarida kalikunja mkononi kama fimbo. Mimi nilichukua spana nikasogea. Si kwa ushujaa. Ugomvi napenda kuuona karibu.

"Nani kakwambia?" akamuuliza Shangazi.

"Shuka lako."

Akakaa juu ya gunia la sabuni, na hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, akaibana kwapani. Akasema, "Mama anajua mimi siogopi kitu. Mtaa mzima anauambia. Nikifika na mikono hii?"

Shangazi alimpa ncha mbili za shuka, akashika mbili, wakalikunja. Wakakunja la pili. Kwenye la tatu kijana akauliza, "Huyu wako, akibisha, mama yake atasema nini?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana bado yuko nje."

"Basi na mimi nangoja."

"Utangoja wapi?"

"Hapahapa. Goti linauma."

Kuanzia siku hiyo lilikuwa jambo la hospitali nzima. Tuliposema Panga Mbili tulijua tunamsema nani, na hakuna aliyemtaja. Muuguzi mkuu, yuleyule, alishauri mama alie amkumbatie. Dereva wa gari la wagonjwa alisema kwa mama zetu huyo ataulizwa kwanza amemletea nini. Mimi nilitoa pendekezo zuri kuliko yote, kwamba mama aseme, "Futa miguu, nimetoka kupiga deki." Shangazi aliyasikiliza yote, penseli kichwani kwenye nywele, akayakataa yote, langu kwa kicheko. Siku moja nilimkuta mbele ya karo la kuloweshea, mkono ndani ya maji, anautazama tu.

Kipande kilipotoka kilikuwa kifupi. Panga Mbili anabisha. Mama anafungua. Anamwangalia juu mpaka chini, panga, joho lililochafuka, mikono. Haulizi habari za majoka. Anasema, "Vua hilo joho nilifue. Kwa maji ya baridi. Najua." Kisha mlango unafungwa, naye yumo ndani.

Kijana alikisoma kwenye benchi letu, akarudia. Halafu akaomba koti lake la kazi, lile aliloletwa nalo. Shangazi akalitoa kabatini, masizi yote juu yake, linanuka moshi. Mimi nilishtuka. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuona kinatoka dobini kichafu.

"Hili sikulifua," akamwambia. "Mpelekee mama."

Goti lilipona siku hiyohiyo. Alitoka kwa mlango wa mbele na koti begani.

Na Shangazi akaacha kuandika. Daktari wa meno alisema deni lake limelipwa, na hakurudi kudai. Sisi wengine tulimsihi: akalala? akala? akasimulia? Jibu lake lilikuwa hilohilo. "Nyumba ya watu hiyo. Mimi mfuaji, nangoja mashuka nje."

Bibi harusi wa shughuli hii anahamia kwa binti yake, penye wajukuu watatu na mashine ndogo ya kufulia ambayo naionea huruma. Kitengo anamwachia dada wa pasi, ambaye sasa anaongea kidogo zaidi. Shangazi, kwa niaba yetu sote uliotulaza pasafi bila sisi kufikiria nani kapasafisha: asante. Tunakuombea siku nyingi, mgongo usiouma, na usilazimike tena kufua isipokuwa cha kwako.

Mhariri anasema hapo nikomee. Lakini kuna dogo limebaki.

Shangazi, unaikumbuka asubuhi ile, miezi kadhaa baada ya kijana kuondoka, alipokuja mama mmoja mtu mzima na mwavuli, akasimama kwenye dirisha la dobini akakuulizia? Aliponiuliza Shangazi ni yupi, nilimwona ana macho ya yule kijana. Mliongea kirefu, na mimi sikusikia hata neno kwa sababu ya boila. Mashuka yako yalikuwa yamejaa mezani, nikakukunjia yote, vibaya, lakini nilikunja. Ulirudi unacheka ule mcheko wako wa mabega, macho yamelowa, ukaniambia, "Babu Moto, hili nitakulipa."

Nimefika umri wa kuamka usiku na kugeuza mto uliolowa, kwa hiyo naulizia kwa niaba ya jirani yangu mmoja. Sitaki kujua mama yake alisema nini, wala walikula nini. Ndani ya nyumba ya watu siingii. Nataka neno moja: siku hizi shuka la yule kijana asubuhi linaamka kavu, au bado limeloa?

Siku ya sherehe nitaizima boila mapema, nipate kusikia.