Geti la Mama Mkwe Limegoma Njiani

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la dobi, na ukitafuta ukweli wa jambo lolote, hapo si mahali pake. Kahawa ipo, pasi ya mkaa ipo, na watu wasioshindwa kueleza kitu wapo. Asubuhi hiyo aliyekaa katikati ni fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, uso umemshuka. Alikuwa amemtengenezea geti mama wa binti anayetaka kumwoa, na wazee wake walikuwa wapeleke posa Jumamosi. Geti likafunguka nusunusu, likagoma, na pikapu ya mama iko ndani. Nilimhurumia kwa kweli, ila kicheko nacho kilinibana.

— Hebu eleza tena, nikamwambia. Limegoma vipi?

— Geti lina upana wa mita tatu. Ncha yake ina gurudumu, na gurudumu linapita juu ya reli iliyopinda, nimeizika kwenye zege. Reli nimekata mita tatu. Geti tatu, reli tatu. Kosa liko wapi?

— Huna kosa, akasema Dobi huku akipuliza pasi yake. Chuma kimerudi. Nguo mpya si hurudi ikilowa? Na juzi mvua imenyesha.

— Chuma kirudi, wewe!

— Kama hakikurudi, basi gari limenenepa. Linashinda ndani tu, halina mazoezi.

Profesa, mwalimu mstaafu ambaye hunywa kahawa yetu huku akitusahihisha, akagonga kikombe.

— Nyamazeni! Reli ni kipande cha duara, na geti ndilo nusu kipenyo. Ukitaka kujua geti limezunguka kiasi gani, chukua urefu wa reli, gawa kwa urefu wa geti. Tatu kwa tatu?

— Moja, akasema Cheche.

— Basi geti lako linazunguka moja.



— Moja nini? akauliza Dobi. Digrii moja? Hapo hata paka hapenyi!

— Rediani moja! Ni kama digrii hamsini na saba. Geti la kupitisha gari linataka tisini.

— Sasa hizo nyingine kachukua nani? akauliza Dobi.

— Hazijachukuliwa! Hazikukatiwa reli! Imepungua mita moja na sabini hivi.

— Mimi namshuku jirani wa mama, akaendelea. Naye alimtaka yule binti. Huyo kazika sumaku chini ya zege.

Cheche, masikini, akaanza kuuliza ni sumaku ya ukubwa gani.

Hapo ndipo mama mwenyewe akatokea, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama, akasema Cheche.

— Marahaba, mwanangu. Nina swali dogo tu. Kabla hujaizika hiyo reli, ulilisukuma geti hata mara moja uone linafika wapi?

Dobi akakumbuka nguo zake. Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Mimi nikakohoa, na Cheche akatazama chini.

— Haya, akasema mama. Kavunje zege, uongeze reli. Wazee wako waje Jumamosi kama tulivyopanga.

Cheche akashusha pumzi ndefu.

— Ila kama pikapu yangu itakuwa bado iko ndani, nao waje kwa miguu. Na asije mnene.